Shajara ya mradi: skrini ya Audi A6 ya 2012 inayokwama njiani

Jumamosi

Gari limeingia leo. Audi A6 ya 2012, kizazi cha C7, injini ya 2.8 FSI quattro, usukani kulia, liliagizwa Japani na sasa makazi yake ni Mikocheni, Dar es Salaam. Kizazi hiki kilianza kuuzwa 2011 na kikafikia mwisho 2018. Ndani yake fahari kubwa ni skrini ya MMI, mfumo wa Audi wa redio, simu na kamera: ukiwasha gari inachomoza yenyewe kutoka kwenye dashibodi, inainuka na kusimama wima, na ukizima inajilaza tena mahali pake hata usijue kama kulikuwa na skrini pale. Napenda sana ubunifu huu. Dashibodi inabaki tambarare, na usiku usipotaka mwanga mbele yako unabonyeza kitufe tu, skrini inashuka huku redio ikiendelea.

Hii haifiki juu. Inachomoza kiasi cha vidole viwili, inasikika tak-tak-tak-tak, inatulia kidogo, halafu inarudi chini ikiwa imeelemea upande mmoja. Ukijaribu mara ya pili ni yale yale. Redio inaimba, simu inaunganishwa, vitufe vyote vya katikati vinaitika, na katika ile sehemu ndogo iliyochomoza unaona picha iko safi, haina mistari wala kucheza.

Mwenye gari amekwishazunguka kabla ya kufika kwangu.

“Fundi, huko nilikotoka wameniambia ninunue skrini nzima. Bei waliyonitajia napata pikipiki mpya.”

“Shikamoo Mama. Skrini yako nzima, naiona picha yake. Niachie gari kwanza nijue kilichovunjika ni nini.”

“Marahaba. Mimi nataka kamera ya nyuma tu irudi. Geti langu jembamba.”

Kabla ya kushika bisibisi nimepima betri, ambayo kwenye gari hili iko nyuma ndani ya buti. Imesoma volti 12.5 gari likiwa limelala na 14.2 injini ikiunguruma, kwa hiyo umeme hauna lawama. Nimefanya hivyo makusudi, maana betri iliyochoka huleta vituko vya kila aina kwenye magari haya na mtu anaweza kufungua dashibodi bure. Baada ya hapo nimeiwasha upya MMI kwa kubonyeza pamoja MENU, kile kitufe kikubwa cha kuzungusha, na kitufe cha juu kulia, nikavishikilia mpaka mfumo ukazima na kuamka. Umeamka vizuri, skrini ikajaribu kupanda, tak-tak-tak. Kuwasha upya kunatibu kompyuta iliyoganda, hakuoteshi gia meno.

Mashine ya kupimia, ile inayosoma makosa kwenye kompyuta za gari, nimeiingiza kwenye anwani 5F, ambako mambo ya MMI yanakaa kwenye kizazi hiki. Kuna kosa moja tu na linahusu mwendo wa skrini. Nimelifuta, nikabonyeza kitufe cha kuinua skrini, kosa likarudi palepale.

Ambaye hana mashine ya kupimia asikate tamaa, kwa sababu sikio linatosha kwa sehemu kubwa. Kukiwa kimya kabisa, tafuta umeme: fyuzi, soketi, au mota yenyewe. Mota ikiguna kwa kukazana halafu ikakata, kuna kitu kimekwama kwenye reli. Lakini tak-tak-tak yenye mapigo yanayolingana ni gia inayoruka. Mota inazunguka, inafika penye pengo la meno, inateleza, inashika tena, inateleza. Nimeweka kiganja juu ya dashibodi na kila pigo nalisikia kwenye ngozi, upande wa abiria zaidi kuliko upande wa dereva.

Jumapili

Leo nimefungua. Nimetoa waya wa ncha hasi ya betri kwanza na kusubiri kabla ya kugusa chochote, maana mfuko wa hewa wa abiria uko jirani kabisa na mahali ninapochokonoa. Soketi za njano, za mifuko ya hewa, siziondoi na wala sizijaribu kwa mita. Hii ni sheria, haina mjadala.

Urembo wa dashibodi umeshikwa na klipu za plastiki zilizokula jua la miaka mingi. Nimetumia vibanzi vya plastiki peke yake, nikavuta kidogo huku, kidogo kule, bila haraka. Klipu moja imekatika na nimeiandika kwenye karatasi ya vitu vya kutafuta. Chini ya urembo kuna skrubu za Torx, T20 inatosha. Uniti ya skrini inatoka kwa kuivuta kuelekea kwako, na hapo ndipo pa kuwa mpole, kwa sababu nyuma yake kuna waya wa picha unaotoka kwenye kompyuta ya MMI iliyo ndani ya kabati la dashibodi upande wa abiria. Ukivuta kwa nguvu umejinunulia kazi ya pili.

Nimeilaza mezani juu ya shuka jeupe. Shuka jeupe ni kwa ajili ya skrubu na springi ndogo, zikidondoka unaziona. Pembeni nimechora umbo la uniti kwenye kadibodi na kila skrubu nimeichomeka mahali ilipotoka, maana zinapishana urefu. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa mpaka kwenye kioo.

Utaratibu wa ndani ni huu. Kuna mota ndogo, na kwenye shafti yake kuna parafujo ya chuma. Parafujo inazungusha gia ya plastiki, gia hiyo inapokezana na nyingine mpaka nguvu inafika kwenye mikono miwili, mmoja kila upande, inayosukuma skrini kwenye reli zake. Nimezifuata moja moja kwa tochi. Mhalifu ni gia ya kati upande wa abiria. Meno matatu yaliyofuatana hayapo kabisa. Jirani yake mawili yamelala upande mmoja, yamepauka kwenye shina pale plastiki ilipokunjwa, na ukiyagusa kwa ukucha yanatikisika. Vipande nimevikuta ndani ya grisi iliyogeuka nta, pamoja na vumbi na nyuzi za kitambaa.

Nimekaa na gia ile muda mrefu chini ya kioo cha kukuzia kwa sababu ya namna meno yalivyolala. Mota ikiishusha skrini, jino linaelemewa upande mmoja. Haya yameelemewa upande wa pili, ule unaobeba mzigo mota ikiipandisha skrini au mkono ukiisukuma chini. Nashuku nguvu iliyoyavunja ilitoka kwenye skrini ikaingia kwenye gia, haikutoka kwenye mota. Na mota yenye parafujo ina tabia moja muhimu: inaweza kuizungusha gia, lakini gia haiwezi kuizungusha parafujo. Ndiyo maana skrini haishuki yenyewe gari likipita kwenye mashimo. Sasa mtu akiisukuma skrini kwa mkono ili ilale, mota hairudi nyuma hata kidogo, nguvu yote ya mkono inaishia kwenye meno mawili matatu ya plastiki.

Nimempigia Mama. Nikamuuliza kama kuna mtu amewahi kuisukuma.

Akafikiri kidogo. “Siku moja kwenye kuosha gari. Kijana alikuwa anafuta kioo, akaisukuma chini ili afike nyuma yake. Nilisikia kah! Ila ikawa inapanda bado, ikanipita.”

Imeungana. Meno yalipasuka siku ile, na jua la Dar likamalizia. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani saa saba mchana hupita nyuzi 70, na grisi iliyokauka inaifanya kila safari ya skrini iwe nzito kuliko ilivyopangwa.

Jumatatu

Siku ya kuamua. Kioo kizima, mota nzima, umeme mzima, kinachokosekana ni meno matano kwenye gia ninayoweza kuifunika kwa kidole gumba. Kununua uniti nzima kwa sababu hiyo ni kutupa vitu vizuri kwa ajili ya kitu kidogo, na sikubaliani nako hata kama mwenye gari ana uwezo.

Gundi nimeikataa mara moja. Gia za namna hii kwa kawaida ni za plastiki aina ya POM, plastiki inayoteleza yenyewe, na ndiyo sababu inafaa kwa gia. Kwa sababu hiyo hiyo haishiki gundi. Supaglu itaonekana imekamata mezani na itabanduka safari ya kwanza.

Kuchapa kwa mashine ya 3D kunawezekana na hapa mjini wapo vijana wanaoifanya vizuri, lakini plastiki ya kuanzia kila mtu ni PLA, na PLA inaanza kulegea karibu na nyuzi 60. Kwenye dashibodi ya Dar gia hiyo itapinda kabla ya mwezi kuisha. Ukichapa, chapa kwa nailoni.

Ili nimweleze mtu gia ninayoitaka, nimechukua vipimo kwa kalipa ya kidijitali. Nimehesabu meno, yaliyopo na mapengo ya yasiyokuwepo, nikapima kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu na unene. Kwa vipimo hivyo unapata moduli, yaani ukubwa wa jino: unagawa kipenyo cha nje kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. Gia ya meno 30 yenye kipenyo cha nje cha milimita 16, kwa mfano, ni 16 gawanya kwa 32, moduli 0.5. Gia mbili zenye moduli tofauti hazikubaliani hata zikilingana ukubwa kwa macho. Kanuni hii ni ya gia zenye meno yaliyonyooka. Meno yakiwa yamekaa mshazari, kama kwenye gia inayogusa parafujo, hesabu inabadilika.

Kisha nikaenda mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa mzee anayekereza vyuma, mtu ambaye nimekuwa nikimpelekea vitu vidogo kwa miaka. Mtandaoni zinauzwa gia za brasi kwa skrini hizi, na nilitaka maoni yake kabla ya kuagiza.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, kijana wangu. Leo umeniletea dawa ya mchwa?” Gia ilikuwa kwenye kichupa cha dawa.

Akaimimina kiganjani, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. Nikamweleza habari ya mkono uliosukuma skrini na habari ya brasi.

“Brasi nakuchongea, au ukinunua sawa. Lakini niambie, siku mkono mwingine ukisukuma, nini kitavunjika?”

Nikamjibu gia ya brasi haitavunjika.

“Ndiyo. Utavunjika mkono unaobeba kioo, au gia ya jirani ambayo haina duka. Hii ya plastiki imewekwa iwe ya kwanza kufa. Weka plastiki nyingine, halafu wafundishe watu wasisukume.”

Nimerudi nikiliwaza jambo hilo njia nzima, na nakubaliana naye kwa gari hili. Brasi ina mahali pake. Kama mikono yote miwili na gia za jirani ni nzima, kama hakuna namna nyingine ya kuipata gia, na kama kingo za meno zimesuguliwa zisiwe na makali ya kula plastiki inayogusana nayo, iweke. Wapo watu wanatembea nayo vizuri. Lakini gia ya plastiki katika utaratibu huu ni fyuzi, na mtu haweki waya mnene mahali pa fyuzi kwa sababu tu ya kwanza imeungua.

Jumatano

Nimezunguka maduka ya spea za mtumba kati ya Gerezani na Ilala kutafuta uniti ambayo hakuna anayeitaka: yenye kioo kilichopasuka. Kila muuzaji ananionyesha nzima kwa bei ya nzima. Nikisema nataka iliyopasuka wananitazama kwanza. Mwishowe mmoja akaenda nyuma, akatoa moja kutoka gari lililogonga upande wa abiria, kioo kina ufa kutoka pembe hadi pembe, na kwake ilikuwa inangoja kutupwa. Nimeinunua kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache.

Kabla ya kulipa nimehakikisha ni ya inchi 8 kama yetu. C7 ilitoka pia na skrini ya inchi 6.5 kwenye magari yenye MMI ya kawaida, na sikutaka kugundua tofauti za vipimo nikiwa mezani usiku. Nimeangalia pia kama mikono imenyooka, maana gari lilikuwa limegonga.

Nyumbani nimetoa gia ile ile ya kati, nikailinganisha na yetu chini ya kioo cha kukuzia. Meno yote yamo, hayajapauka kwenye mashina, kingo bado zina umbo. Nimeikunja kidogo kwa vidole, haikulia. Nimezitoa na gia nyingine zote kutoka uniti hiyo, nimezisafisha na kuzifunga kwenye mfuko wenye jina la gari. Zitakuwa akiba ya Mama.

Alhamisi usiku

Hii ndiyo kazi yenyewe, na nimeifanya usiku kwa sababu nyumba imetulia na feni haihitajiki. Feni hupeperusha springi.

Grisi ya zamani nimeitoa yote kwa pamba ya masikio na alkoholi ya isopropili. Petroli wengi wanaitumia na mimi siitaki karibu na plastiki za ndani ya gari. Nimepitisha kijiti cha mbao kilichochongwa ncha katika kila bonde la kila gia mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kipande kimoja cha jino nimekikuta kimejificha kwenye reli ya upande wa dereva, mbali kabisa na kilikovunjikia. Kingebaki pale, kingevunja gia mpya.

Grisi mpya ni ya silikoni inayokubaliana na plastiki, na ni kidogo: tabaka jembamba la kung'arisha jino, na tone refu kwenye kila reli. Grisi ya bearingi inanata na inakusanya vumbi. Yale mafuta ya kopo ya kupuliza ndiyo kabisa yasiguse hapa, yanasafisha kwa wiki moja kisha yanaacha pakavu kuliko mwanzo.

Panapohitaji utulivu ni kulinganisha pande mbili. Mikono ya kulia na kushoto lazima ianze safari pamoja. Upande mmoja ukiwa mbele kwa jino moja tu, skrini itapanda imeelemea, reli itabana, na mota itakazana mpaka kompyuta ikate. Kabla sijatoa gia yoyote Jumapili nilikuwa nimeweka nukta za rangi ya kucha, nyeupe, kwenye jino na kwenye bonde linalopokea, pande zote mbili. Leo nimezirudisha nukta zikatazamana. Kwa kuwa gia ya mtumba haina nukta, nimezihamishia kwake kwa kuilaza juu ya ile iliyovunjika, upande bapa wa tundu la moja ukilingana na ule wa nyingine.

Nimekagua pia kebo bapa inayokunjamana kila skrini ikipanda na kushuka. Pale inapokunjwa haina mstari mweupe wala ufa. Huko ndiko picha inakoanza kucheza skrini hizi zikizeeka, na ukiwa umefungua tayari ni uzembe kutoangalia.

Jaribio la mezani: nimechomoa waya za mota kutoka kwenye ubao wake, nikazigusisha na betri mbili za tochi, volti 3 tu. Mota ikazunguka polepole, skrini ikaanza kuinuka mbele yangu kama jongoo anayejikunjua, pande zote mbili sawa, bila sauti zaidi ya mvumo mwembamba. Nikageuza waya, ikashuka. Kwa mwendo huo wa taratibu unaona kila jino likipokelewa, na kama kuna mahali panabana unapaona kabla ya umeme wa gari kuja na nguvu zake. Palikuwa na mkwaruzo mdogo karibu na juu kabisa. Ilikuwa waya wa mota uliopita nje ya kishikio chake. Nimeurudisha, ukatulia.

Jumamosi

Nimerudisha uniti kwenye gari. Waya wa picha umelia tik ulipokaa, na bila tik hiyo usifunge kitu. Betri nimeirudisha mwisho. Taa ya usukani ikawaka kwenye dashibodi kama kawaida baada ya betri kutolewa, ikazimika baada ya mwendo mfupi, na vioo vya milango nimevifundisha upya mwisho wao wa juu ili vipande kwa mguso mmoja.

Skrini imepanda. Nimeishusha na kuipandisha kwa kitufe asubuhi kukiwa na ubaridi, nikaacha gari juani vioo vimefungwa tangu saa sita hadi saa tisa, kisha nikajaribu tena dashibodi ikiwa haishikiki kwa mkono. Imepanda vilevile, imenyooka. Nimefuta kosa kwenye 5F na halijarudi. Gia ya nyuma ikiingizwa, kamera inaonekana.

Mama amekuja jioni, amekaa kwenye kiti cha dereva, amewasha, ameitazama ikipanda. Akazima, akawasha tena.

“Ahsante sana, mwanangu. Sasa wale wa kuosha gari niwaambie nini?”

“Waambie skrini ilale kwanza kwa kitufe ndiyo wafute. Na ikiwa juu, isiguswe hata na kitambaa.” Nimembandikia karatasi ndogo yenye maneno hayo upande wa ndani wa kiona jua.

Yaliyobaki: klipu moja ya urembo upande wa abiria, nimeagiza, kwa sasa urembo unatulia ila kwenye barabara ya vumbi unaweza kulia. Na redio. Ni ya soko la Japani, inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Mama ameuliza kama hilo nalo linawezekana. Ataliacha gari tena klipu ikifika.